Binti Yangu Amemchora Chungu Akiwa na Miwani Yangu

SWALI

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, binti wa miaka 9, na ni kifungua mimba katika familia ya watoto wawili. Marehemu baba yetu hakuwa mtu wa kufoka wala wa kuchapa. Alipotaka kutuonya alitusimulia hadithi ya wanyama, kisha alinyamaza na kutuacha tujiulize wenyewe ni nani aliyekuwa akisemwa. Kobe na sungura, simba na panya, mbweha na zabibu, mbwa aliyeangusha nyama mtoni kwa kuitamani ile aliyoiona majini: hizo zote nilizihifadhi kabla sijajua kusoma. Iliyotutawala zaidi, hata hivyo, ni ile ya chungu aliyejiwekea akiba na panzi aliyeimba kiangazi kizima, na tangu utotoni ilikuwa kama imekwisha kuamuliwa kwamba chungu ni mimi na panzi ni mdogo wangu.

Sikuona kwamba nimeonewa. Niliipenda sifa hiyo. Baba alipofariki nilikuwa na miaka 19. Niliacha masomo nikatafuta kazi, na karo ya mdogo wangu ya miaka miwili ya mwisho ilitoka katika mshahara wangu. Yeye alimaliza, akaajiriwa, na katika mwaka wa tatu akaacha kazi ili apige gitaa katika bendi. Sina neno baya juu ya muziki wake, maana anapopiga hata mimi hunyamaza nikasikiliza. Lakini mara mbili amenikopa, mara zote mbili fedha hizo hazikurudi, na mara zote mbili mimi ndiye niliyeona haya kuuliza.

Miezi miwili iliyopita alikuja jioni, gitaa likiwa mgongoni ndani ya mfuko wake. Alisema kwamba bendi imevunjika, kodi ya chumba imelimbikizana na mwenye nyumba amebadilisha kufuli. Akaomba nimhifadhi kwa muda na nimsaidie kulipa deni hilo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sikumkaribisha ndani. Nilikuwa nimechoka siku hiyo, lakini siwezi kuusingizia uchovu, kwa sababu maneno yaliyonitoka yalikuwa tayari, kana kwamba yalikuwa yakingojea zamu yao kwa miaka mingi: "Uliimba kiangazi chote, basi sasa cheza." Ni maneno ya chungu kama baba alivyokuwa akiyasema. Mdogo wangu alitabasamu kidogo, kama mtu aliyesikia sauti ya marehemu, akasema, "Haya, dada," akageuka akaondoka. Tangu siku hiyo hajanipigia simu, nami sijampigia. Nasikia anaishi kwa rafiki yake.

Sikujua kwamba binti yangu alikuwa nyuma yangu. Wiki iliyofuata aliniletea picha aliyoichora shuleni, kwa kuwa mwalimu alimtaka kila mmoja achore hadithi anayoijua. Amechora kilima chenye mlango mdogo mwekundu. Nje ya mlango yuko panzi mwenye mzigo mgongoni, na dirishani yuko chungu anayechungulia. Chungu huyo amevaa miwani, na ni miwani yangu: fremu za mviringo, pamoja na ule uzi wa buluu ninaoufunga nyuma ya shingo ili isianguke. Nilijaribu kucheka. Yeye hakucheka, aliniuliza, "Mama, halafu panzi alikwenda wapi?" Nimepekua vitabu vyote vya hadithi tulivyo navyo nyumbani, na hakuna hata kimoja kinachosema panzi alikwenda wapi.

Shangazi, naomba unijibu bila kunificha. Je, nilikosea kumnyima mtu ambaye amekwisha kunikopa mara mbili bila kulipa? Naogopa kuwa kama yule punda wa dobi, aliyeponea chupuchupu katika makucha ya simba, kisha akakubali kurudi kulekule. Tena, je, hadithi hizi alizotuachia baba zimenifanya kuwa mtu mwenye moyo mgumu, na kama ndivyo, niache kumsimulia binti yangu? Na nimjibu nini kuhusu panzi?

Ni mimi,
Chungu Mwenye Miwani

JIBU

Mwanangu,

Nianze na swali la binti yako, kwa sababu ndilo zito kuliko yote uliyoniletea, na kwa sababu umekosa jibu lake vitabuni bila kosa lolote la utafutaji wako. Jibu hilo halimo. Katika maandishi ya Kigiriki yanayobeba jina la Aesop, msimulizi wa ngano wa kale, ambamo mdudu anayeimba ni nyenze na si panzi, chungu wanaanika nafaka iliyolowa katika majira ya baridi. Nyenze mwenye njaa anakuja kuomba. Wanamuuliza mbona hakujiwekea akiba. Anajibu kwamba hakupata nafasi kwa kuwa alikuwa akiimba. Nao wanamcheka na kumwambia kwamba kama aliimba wakati wa joto, basi acheze wakati wa baridi. Hadithi inakomea kwenye kicheko hicho. La Fontaine, mshairi wa Ufaransa, alipochapisha mwaka 1668 vitabu vyake sita vya kwanza vya ngano hizi kwa mashairi, aliiweka hii mbele ya zote, akaimaliza kwa neno lilelile la chungu, na hakuongeza hata mstari mmoja wa funzo. Tena katikati ya shairi anadokeza kwamba chungu si mkopeshaji, na kwamba hiyo ndiyo kasoro yake iliyo ndogo kuliko zote. Basi mshairi mwenyewe alijitenga kando na kutuacha tumesimama mlangoni, kati ya aliye ndani na aliye nje, na binti yako amesimama hasa pale alipoachwa.

Wala si wewe wa kwanza kuogopa athari ya hadithi hii. Mwaka 1762 mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau, katika kitabu chake cha malezi kiitwacho Émile, aliandika kwamba mtoto anayesomewa ngano za wanyama hajifananishi na yule tunayemkusudia. Tunadhani anajifunza kutokuwa kama nyenze, kumbe anachagua kuwa chungu, kwa kuwa hakuna mtoto anayependa kujiweka upande wa anayedhalilishwa. Na chungu, licha ya kumfundisha kunyima, anamfundisha pia kudhihaki huku akinyima. Kwa sababu hiyo Rousseau alitaka watoto wasipewe ngano hizo kabisa, na hapo mimi simfuati. Lakini lile neno lake kuhusu dhihaka limenikaa miaka mingi, na nilipofika kwenye mlango wako katika barua hii nililikumbuka mara moja.

Sasa nikujibu kuhusu kunyima. Ulikuwa na haki ya kusema hapana. Umefanya kazi tangu ukiwa na miaka 19, umesomesha, umekopesha mara mbili, na unalea mtoto. Akiba yako ni jasho lako, na hakuna hekima ya kweli inayomtaka mtu afungue hazina yake kila anapobishiwa hodi. Kitabu cha Mithali kinaposema, "Ewe mvivu, mwendee chungu," kinamsifu mdudu huyo kwa sababu nzuri, nawe unastahili sifa hiyo. Ungeweza kumwambia mdogo wako kwamba huwezi kumhifadhi wala kumlipia, na neno hilo lingemuuma, na bado lingekuwa neno la heshima kati ya watu wazima wawili. Lile ulilolisema lilikuwa na kazi nyingine. Halikumweleza hali ya nyumba yako wala ya mfuko wako. Lilimweleza yeye ni nani, na lilimweleza kwa sauti ya baba yenu, ambaye hawezi tena kuulizwa kama alikusudia hivyo.

Katika barua yako kuna sentensi moja uliyoipita haraka, nami naiona kuwa ndiyo yenye ufunguo wa yote. Umesema kwamba baba yako alisimulia, kisha alinyamaza na kuwaacha mjiulize ni nani aliyesemwa. Mwanangu, huyo alikuwa msimulizi anayejua kazi yake. Alikuwa akikupa kioo na kukuachia nafasi ya kujitazama bila mtu kukuangalia usoni, na pengine jioni nyingine, kama ungejiuliza kwa dhati, ungegundua kwamba panzi alikuwa wewe, kwa jambo ambalo ulikuwa umelifanyia uzembe siku hiyo. Wewe ulipoisimulia mlangoni ulikata kile kimya, ukabakiza kidole. Maneno yalikuwa yaleyale ya baba, lakini hayakuwa tena hadithi ya baba.

Nadhani ni vyema ukumbuke ngano hizi zilitoka vinywani mwa nani. Herodotus, mwanahistoria wa kale wa Kigiriki, anamtaja Aesop kuwa mtumwa wa mtu wa kisiwa cha Samos. Phaedrus, aliyeziandika kwa Kilatini katika karne ya 1, alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na Augustus, mtawala wa Roma, naye anaeleza katika utangulizi wa kitabu chake cha tatu kwamba aina hii ya hadithi ilibuniwa kwa sababu mtumwa hakuthubutu kusema wazi lililokuwa moyoni mwake, hivyo akayahamishia mawazo yake katika visa vya kubuni ili asiadhibiwe. Nabii Nathani alipotaka kumwonya mfalme Daudi, aliyekuwa amemtwaa mke wa mtu na kusababisha kifo cha mumewe, hakuanza kwa kumshutumu, alimsimulia juu ya tajiri mwenye makundi ya kondoo aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja, na mfalme alipowaka hasira dhidi ya tajiri huyo ndipo Nathani alipomwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Hata hadithi ya punda wa dobi uliyoitaja, ambayo mmisionari Mwingereza Edward Steere aliichapa mwaka 1870 miongoni mwa hadithi za Waswahili, na ambayo mizizi yake inarudi hadi mikusanyo ya kale ya ngano, Panchatantra ya Kihindi na Kalila wa Dimna ya Kiarabu, inasimuliwa na kima akiwa juu ya mti, akimwambia papa ambaye muda mfupi kabla alitaka kumpeleka baharini ili moyo wake uwe dawa ya sultani wa papa.

Utaona mwelekeo wake. Mara nyingi hadithi hizi zilipanda kutoka kwa dhaifu kwenda kwa mwenye nguvu, ambaye hakuweza kuambiwa ukweli kwa njia nyingine. Ipo mifano ya kinyume, sikatai: Livy, mwanahistoria wa Roma, anasimulia kwamba mwaka 494 KK Menenius Agrippa alitumwa na wakubwa wa Roma kuwatuliza watu wa chini waliogoma na kuhama mji, akawapa kisa cha viungo vya mwili vilivyolisusia tumbo. Lakini hata hapo watu hao hawakurudi kwa utamu wa kisa peke yake. Walipewa kwanza maofisa wao wenyewe wa kuwatetea. Hadithi inaposhuka kutoka kwa mwenye nyumba kwenda kwa asiye na pa kulala, pasipo kuambatana na chochote, inageuka fimbo, hata kama kila neno lake ni la kweli.

Nayasema haya nikiwa nimewahi kuishika fimbo hiyo kwa nia njema kabisa. Mwanangu wa pili alichelewa kusoma kuliko wenzake, nami kwa siku tatu mfululizo nilimsimulia kabla ya kulala kisa cha kobe na sungura, nikikaza sauti kila nilipofika mahali ambapo kobe anaendelea kutembea pole pole bila kusimama. Siku ya tatu aliuliza akiwa amegeukia ukuta, "Mama, na sungura asingelala?" Sikuwa na la kusema. Nilidhani nimekuwa nikimtia moyo, kumbe nilikuwa nikimwambia kila usiku kwamba yeye ni kobe, na kwamba tumaini lake liko katika usingizi wa watoto wengine. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuna ubaya wowote katika kisa chenyewe, ambacho kwa kweli kinamwonya sungura kuliko kinavyomsifu kobe. Ubaya ulikuwa katika mimi kumgawia mtoto mnyama wake bila kumuuliza, kama ninyi wawili mlivyogawiwa mkiwa wadogo, na nikiri kwamba sehemu ya barua yako iliyonisikitisha kuliko zote ni pale uliposema ulikuwa unaipenda sifa hiyo. Nani aliwahi kukuuliza kama ungependa kuimba?

Tena huyo chungu uliyekabidhiwa hana tabia moja. Katika mkusanyo uleule wa Aesop kuna ngano nyingine, isiyosimuliwa sana, inayosema kwamba chungu hapo zamani alikuwa mtu, mkulima ambaye hakuridhika na mavuno yake, akawa anayaiba ya jirani zake, mpaka Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, akachukizwa na uroho wake na kumgeuza mdudu. Umbo lilibadilika, tabia ikabaki, ndiyo maana hadi leo anazunguka katika mashamba ya wengine akikusanya. Katika Kurani, sura ya 27, chungu anayesikia majeshi ya Sulaiman yakikaribia bondeni anawaambia wenzake waingie katika maskani yao wasije wakakanyagwa na watu wasiojua, na Sulaiman anatabasamu kwa kauli yake. Mwizi katika kisa kimoja, mlinzi wa wenzake katika kingine. Naye Jean-Henri Fabre, Mfaransa aliyetumia maisha yake kuwachunguza wadudu, aliandika kwamba nyenze amesingiziwa, kwa sababu hawezi kuja kuomba nafaka wakati wa baridi: nyenze aliyekomaa hunyonya utomvu wa miti tu, na majira ya joto yakiisha naye huwa amekwisha kufa. Fabre aliona kinyume chake, kwamba katika joto kali, wakati wadudu wengine wanatafuta tone la maji, nyenze hutoboa gome la mti kwa mdomo wake na kuchimba kisima kidogo cha utomvu, na wanaokuja kunywa bila kualikwa, wakimvuta miguu na mabawa hadi aondoke, ni chungu.

Sikuelezi haya ili nigeuze hukumu na kukufanya wewe kuwa mwizi na mdogo wako kuwa mtakatifu. Nataka tu uone kwamba jina ulilopewa utotoni halikufungi. Wapo watu waliotazama mdudu yuleyule wakaona mambo matatu tofauti, na wewe una ruhusa ya kuwa chungu wa namna nyingine, anayeweka akiba na asiyecheka.

Kuhusu punda wa dobi, tuwe waangalifu. Punda huyo alirubuniwa kwenda kwa simba, akararuliwa, akakimbia. Akarubuniwa tena, akarudi, akaliwa, na sungura aliyempeleka akala moyo na masikio kisha akamwambia simba kwamba punda huyo hakuwa na moyo wala masikio, kwani angekuwa navyo asingerudi. Onyo hilo ni la kweli kwa mwanamke anayerudi kwa mume anayempiga, au kwa mtu anayerudi kwa mfanyabiashara aliyekwisha kumtapeli. Lakini jiulize kama mdogo wako ni simba. Kwa maelezo yako yeye ni mdaiwa, tena mdaiwa ambaye hujawahi kumdai kwa sababu uliona haya. Mtu ambaye hakuulizwa deni lake kwa miaka hajui kama alikopeshwa au alipewa, na pengine anaamini kwamba umekwisha kusamehe. Hapo naona kosa lenu ni la wote wawili, nalo linarekebishika kwa mazungumzo ya saa moja.

Kwa hiyo nakushauri umpigie simu, na uanze na lile neno peke yake. Usiombe radhi kwa kumnyima, kwa sababu hukukosea, na ukichanganya mambo hayo mawili utajikuta unamwahidi usichoweza kutoa ili tu usikie sauti yake ikilainika. Mwambie: "Siku ile nilikwambia maneno ya chungu. Nilikukosea, na nayaondoa." Mwache anyamaze kadiri atakavyo. Akitaka kulia, au kukasirika, hiyo ni haki yake, na usimkatize kwa kumkumbusha karo uliyomlipia. Karo hiyo ulimlipia kwa mapenzi, nawe unajua hivyo kuliko mimi.

Siku nyingine, si siku hiyohiyo, mketi mzungumzie fedha. Kabla hamjaketi, amua wewe mwenyewe na kuandika kwenye karatasi kiasi unachoweza kutoa bila mtoto wako kukosa kitu, na ni siku ngapi unaweza kumhifadhi, ikiwa unaweza hata moja. Ukitoa, toa kama zawadi na uitamke hivyo, au kopesha na muandike tarehe na namna ya kurudisha, hata kama ni kidogo kidogo. Usitoe tena kitu kilicho katikati, kisichojulikana kuwa ni zawadi wala mkopo, kwa maana hicho ndicho kilichokuwekea uchungu moyoni miaka yote hii. Madeni yale mawili ya zamani yataje wazi, kisha uyadai au uyafute. Muulize pia, kwa heshima, ana mpango gani sasa bendi imekwisha, na umsikilize kama ulivyokuwa ukimsikiliza anapopiga gitaa. Mtu anayeweza kumnyamazisha dada yake aliyechoka kwa nyuzi sita ana kitu mikononi ambacho kinaweza kumpa riziki, kwa kufundisha ikiwa si kwa jukwaa. Katika mazungumzo hayo yote asitajwe mnyama yeyote.

Hadithi kwa binti yako usiache. Zisingekuwapo hadithi hizi, mtoto huyo asingekuwa na njia ya kukuambia alichokiona mlangoni. Mtoto wa miaka 9 hawezi kumwambia mama yake, "Ulimdhalilisha mjomba," na kama angesema ungemkemea; lakini aliweza kuchukua penseli, kuchora chungu, na kumvisha miwani yenye uzi wa buluu. Amefanya kile alichofanya Nathani mbele ya Daudi, akiwa na rangi za shule, na bila hata kutamka "wewe ndiwe". Mtoto anayeweza hivyo ameielewa ngano kuliko wengi waliozisimulia maisha yao yote.

Ninachokuomba ubadilishe ni namna ya kumsimulia. Msimulie hadi pale panzi anapobisha hodi, kisha unyamaze, kama babu yake alivyonyamaza. Muulize chungu angeweza kusema nini, na usikimbilie kumsahihisha, hata akikupa jibu lisilokupendeza. Siku nyingine msimulie ile ngano ya mkulima aliyegeuzwa chungu, na nyingine ile ya mbwa mwitu na mwanakondoo, ambamo mwenye nguvu anatafuta sababu baada ya sababu ya kumla mnyonge na kila sababu inaporomoka na bado anamla. Hiyo haina mtu wa kuigwa ndani yake, na ni vyema mtoto ajue mapema kwamba ngano nyingine zinatuonyesha tu dunia ilivyo, ili tusishangae tukikutana nayo. Sentensi za mafunzo zinazobandikwa mwishoni mwa hadithi nyingi ziliongezwa na wakusanyaji na wafasiri, na kisa kimoja kimewahi kupewa mafunzo tofauti katika vitabu tofauti. Ukizikuta vitabuni, zisome naye kama maoni ya mtu fulani, mkubaliane nayo au mkatae.

Na anapokuuliza tena panzi alikwenda wapi, mweleze ukweli unaoujua, kwamba alikwenda kwa rafiki yake, kwamba chungu alisema neno baya, na kwamba chungu anakusudia kumpigia simu. Piga simu hiyo sebuleni na umruhusu binti yako awe karibu asikie, kwa sababu siku ile pia alikuwa karibu.

Ni mimi,
Shangazi yako